Matembezi ya kalori 210 yaliyoandikwa 996: kisa cha fundi cherehani wa Majengo, Moshi

Alikuja na madaftari mawili mkononi. Moja la kikoba, kwa kuwa yeye ndiye mweka hazina wao na alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kikao. La pili la chakula chake. Wiki 9, kila siku na ukurasa wake, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya watu: kiuno, kifua, urefu wa gauni. Uji wa ulezi, gramu zimeandikwa. Wali na maharage, gramu zimeandikwa. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu nyekundu, namba aliyopewa na saa yake ya mkononi baada ya matembezi ya alfajiri: 471, 486, 480, 492.

"Mdogo wangu," aliniambia baada ya salamu, "daftari hili halina shimo hata moja. Kwa nini mizani bado inanidai?"

Alianza mwishoni mwa Agosti akiwa na kilo 84.0. Siku hiyo, mwishoni mwa Oktoba, mizani ilisoma 84.8.

Kazi yangu ni ya lishe, na kisa chake nakiandika kwa ruhusa yake, bila jina. Kosa lililomkwamisha halikutokana na uzembe. Ni kosa la mtu makini anayefuata maelekezo ya simu neno kwa neno, na watu wa namna hii ndio wanaoniumiza roho zaidi, kwa sababu wakikwama huamini miili yao ina kasoro. Yeye alikuwa ameshaanza kuambiwa na majirani kwamba "unene wa ukoo" hauna dawa.

Ana miaka 41, urefu sentimita 160, watoto watatu. Kabla sijagusa hesabu yake nilimwomba akapime sukari, presha na tezi ya shingo, maana zipo sababu za kitabibu za uzito kugoma na si haki kumhangaisha mtu na kalori wakati tatizo liko kwingine. Majibu yalirudi safi. Basi tukafungua daftari.

Nilianza na kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari. Nilimwomba anikaribishe ofisini kwake, nikakaa kwenye benchi la wateja kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Cherehani yake ni ya umeme. Mguu mmoja unagusa pedali, mikono inaongoza kitambaa, mwili umetulia. Alisimama kupiga pasi, akasimama kumpima mteja, akaenda dukani mara moja kununua uzi. Ni kazi ngumu, inachosha macho na mgongo, na jioni anarudi nyumbani amechoka kweli. Lakini uchovu na kalori ni vitu viwili. Mwili unaokaa kwenye kiti saa nane unatumia chakula kidogo hata kama kichwa kimechoka kiasi gani.

Alipoweka programu ya kuhesabu chakula kwenye simu, iliuliza: wewe ni mtu wa kukaa, wa kusogea kidogo, au wa kusogea kwa wastani? Akachagua wastani. Kwa nini asichague? Anatembea siku 5 kwa wiki, saa nzima, anatoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri. Maelezo ya programu yenyewe yalisema wastani ni mtu afanyaye mazoezi siku 3 hadi 5. Alijibu kwa ukweli.

Hapo ndipo palipovuja, na nitapaeleza polepole kwa sababu kisa chote kiko hapa. (Kalori ninazozitaja ni zile zinazoandikwa kwenye vifungashio vya vyakula, yaani kilokalori.)

Kuna kanuni ya mwaka 1990, inayoitwa ya Mifflin na St Jeor, ambayo programu nyingi huitumia kukadiria mwili unatumia nini ukiwa umepumzika tu. Kwa mwanamke: kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, toa 161. Kwa dada huyu inatoka 1,474. Ukimhesabu kama mtu wa kukaa, unazidisha kwa 1.2, inakuwa 1,769 kwa siku. Ukimhesabu kama wa wastani, unazidisha kwa 1.55, inakuwa 2,285. Tofauti ni 516. Hizo 516 ndizo mazoezi yake. Programu imeshamlipa kwa kutembea, kila siku, hata Jumapili akiwa kanisani.

Kisha programu ikatoa 550 ili apungue nusu kilo kwa wiki, ikampa 1,735 za kula. Mpaka hapo tungeweza kusema imekosea kidogo. Lakini saa ya mkononi ilikuwa imeunganishwa na simu. Kila alfajiri akirudi, saa inatuma 480, programu inaziongeza juu ya 1,735, na skrini inaandika kwa rangi ya kijani kwamba leo zimebaki 2,215. Naye anakula 2,215, au karibu yake, kwa sababu ameambiwa.

Nilimwuliza kwa lugha ya kikoba. "Dada, mwanachama ametuma hisa kwa simu, shilingi 10,000. Umeiandika. Kesho anakuja na ujumbe wa muamala, unaiandika tena, na safari hii unaandika 20,000. Mwisho wa mwaka mkivunja kikoba, mtagawana nini?"

Alinyamaza. Akachukua ile kalamu nyekundu, akaandika kwenye kona ya ukurasa 516 na chini yake 480, akajumlisha: 996. Akaniuliza, "Na kutembea kwenyewe ni ngapi?"

Kutembea kwenyewe ni kilomita 5 kwa saa moja, kutoka Majengo kwenda mjini na kurudi, barabara isiyo na mlima wa kutisha. Jedwali la mazoezi ambalo Barbara Ainsworth na wenzake walilichapisha Marekani mwaka 1993, na ambalo limeboreshwa mara kadhaa tangu hapo, huipa kila shughuli namba inayosema ni mara ngapi inazidi kukaa bila kufanya kitu. Kutembea kwa mwendo wake ni kama 3.5. Kukaa ni 1, na 1 hiyo ni karibu kalori moja kwa kila kilo kwa saa. Kwa kilo 84, saa ya kutembea ni 294. Lakini 84 kati ya hizo angezitumia hata kama angebaki kitandani, na zimo tayari ndani ya 1,769. Mazoezi yamemwongezea 210 tu.

Ukitaka njia ya mkato, ambayo ndiyo niliyomwachia kwenye jalada la daftari: kutembea tambarare huongeza karibu nusu kalori kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, na kukimbia huongeza karibu kalori moja. Kilomita 5, kilo 84, nusu: 210. Unafika palepale.

Kwa hiyo kwa matembezi ya 210 alikuwa ameandikiwa 996. Chapati moja kubwa ya mgahawani inafika 300 au zaidi. Matembezi yake, yote, kuanzia kuvaa raba hadi kurudi kuoga, hayalipi chapati moja kavu.

Najua sentensi hiyo inakatisha tamaa. Yeye pia ilimkata. Nilimwambia jambo ambalo nawaambia wote: saa yako haikukudanganya kwa makusudi, inakisia. Inasoma mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono, kisha inakadiria. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya kuvaa mkononi. Kwenye mapigo ya moyo vingi vilifanya vizuri. Kwenye kalori hakuna kilichofaa: hata kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya kabisa asilimia 93. Wenye uzito mkubwa na wenye ngozi nyeusi ni miongoni mwa ambao makosa yaliongezeka kwao. Dada huyu ni hao wote wawili.

Nikarudi kwenye hesabu ya wiki 9. Kwa daftari lake, wastani wa ulaji ulikuwa 2,030 kwa siku. Kwa kanuni, matumizi yalikuwa 1,769 pamoja na matembezi ya siku 5 yaliyogawanywa kwa siku 7, yaani 150, jumla 1,919. Ziada ya 111 kwa siku, mara siku 63, ni karibu 7,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhesabiwa kuwa karibu kalori 7,700. Angepaswa kuongezeka gramu 900. Aliongezeka 800.

Ilikaa vizuri mno, na hesabu inapokaa vizuri namna hiyo mimi huingiwa na wasiwasi. Nikamwuliza kuhusu mafuta ya kupikia. Hayakuwamo. Maharage aliyapima, mchicha aliupima, lakini mafuta yaliyounga maharage na mchicha hayakuandikwa popote, kwa sababu chungu ni cha watu 5 na nani atapima upawa? Badala ya kupima upawa tulipima dumu. Nyumba yake inamaliza lita 3 kwa mwezi. Lita 3 za mafuta ni karibu kalori 24,800. Gawa kwa watu 5, gawa kwa siku 30: kama 165 kwa kila mtu kila siku.

Maana yake ni kwamba alikuwa anakula zaidi ya alivyoandika, na mwili wake ulikuwa unatumia zaidi ya kanuni ilivyokisia, makosa mawili yakafutana. Kuandika pungufu ni kwa kila binadamu. Mwaka 1992 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti wa watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Walipopimwa kwa njia za maabara, ilionekana walikuwa wameandika chakula pungufu kwa asilimia 47 na mazoezi kupita kiasi kwa asilimia 51, kwa wastani. Miili yao ilikuwa inaunguza chakula kama ya wengine.

Hapa nilifanya uamuzi ambao baadhi ya wenzangu katika kazi ya lishe hawakuupenda. Sikumwambia aanze kuandika mafuta. Nilimwambia dumu liendelee kuwa lita 3 kwa mwezi, lisizidi, na daftari liendelee kuandikwa vilevile linavyoandikwa, na shimo lake. Kwa nini? Kwa sababu tulikuwa tunaenda kutafuta namba yake kwa kutumia mizani, na mizani inayaona mafuta hata kama daftari halijayaona. Muhimu ni shimo lisibadilike ukubwa. Fundi ambaye futi yake imekatika sentimita moja mwanzoni bado anashona vizuri akiitumia hiyohiyo kila siku.

Zipo njia mbili halali za kuhesabu mazoezi. Ya kwanza: jihesabu kama mtu wa kukaa, kisha siku unayofanya mazoezi ongeza kile tu mazoezi yalichoongeza. Ya pili: tafuta namba moja ambayo ndani yake mazoezi yako ya kawaida yamo tayari, kisha usiongeze chochote. Ukichanganya mbili hizo, umelipa mara mbili. Kwa watu wengi wa ofisini mimi sina upendeleo. Kwa dada huyu nilitaka ya pili, na sababu haikuwa ya hesabu.

Nilipokuwa napekua kurasa za Oktoba niliona namba nyekundu mbili kwa siku moja. Alfajiri 480, na usiku 118. Nikauliza ya usiku ni nini. Akaangalia chini. Alikuwa akizunguka uani, saa 3 usiku, watoto wamelala, akiwa na saa mkononi, mpaka namba ifike mahali pa kumruhusu kula kipande cha chapati kilichobaki. Siku nyingine dakika 25. Mara moja kwenye mvua ndogo.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Mama mzima, mweka hazina anayeaminiwa na wanawake 20, anazunguka gizani kuilipia chapati aliyoisukuma kwa mikono yake mwenyewe. Njia ya kwanza, hata ingehesabiwa sawasawa, ingemwacha kwenye soko hilo: kila hatua ina bei, kila tonge lina deni. Nilitaka aache kununua chakula kwa miguu.

Tukazima muunganisho wa saa na simu. Nikampa 1,400 kwa siku, siku zote sawa, matembezi yaendelee, namba nyekundu isiandikwe tena. Apime uzito kila asubuhi akitoka msalani kabla ya kunywa kitu, na tuangalie wastani wa wiki tu, kwa sababu maji ya mwili peke yake, hasa karibu na hedhi, yanaweza kuusogeza mshale kilo nzima bila hata gramu ya mafuta kuhusika.

Novemba ilikwenda vizuri. Siku 28, wastani wa daftari 1,430, uzito ukashuka kutoka 84.8 hadi 83.1. Sasa tukaweza kuipata namba yake halisi: kilo 1.7 mara 7,700, gawa kwa 28, ni 468. Jumlisha na 1,430, unapata karibu 1,900. Hiyo ndiyo inayomtunza asipungue wala asiongezeke, kwa daftari lake, kwa dumu lake, na kwa matembezi yake 5 ya wiki. Matembezi yamo humo. Hakuna cha kuongeza juu.

Desemba sikuhesabu nayo, na ningefanya hivyo tena. Anayeijua Moshi anaijua Desemba ya Kilimanjaro: mabasi yanapanda kutoka Dar es Salaam yamejaa, migomba imekatwa, kila boma lina ndafu, machalari na mbege, na mtu akiweka mizani mezani kwa mama mkwe huko Kibosho atakuwa anaomba ugomvi. Alipanda kilo 0.9, akarudi mjini Januari akiwa na 84.0, sehemu kubwa ikiwa maji na chumvi. Tukaendelea.

Januari ndipo nilipokosea mimi.

Alijiunga na kikundi cha jogingi kinachojiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, zile mbio zinazofanyika hapa Moshi tangu 2003, zinazoanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Alijiandikisha kilomita 21. Alifurahi, nami nikafurahi naye, na kwa furaha hiyo nikasahau kwamba kanuni ya "usiongeze chochote" niliitunga kwa matembezi ya saa moja. Jumamosi ya tatu walipanda njia ya Mweka na kurudi, kilomita 14, nusu wakitembea na nusu wakikimbia. Alitoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi tumboni, maana alitaka kuzihifadhi 1,400 zake kwa ajili ya mchana.

Fanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla. Kilo 83. Kilomita 7 za kutembea kwa nusu kalori ni kama 290. Kilomita 7 za kukimbia kwa kalori moja ni 581. Jumla 871, bila kuhesabu mlima. Katika 1,400 zilibaki 530 za kuendeshea moyo, ubongo, figo na kila kitu kingine, kwa mwili ambao ukilala tu unahitaji karibu mara tatu ya hizo.

Wakiteremka, mikono ilianza kumtetemeka. Akakaa kando ya mtaro, jasho baridi, macho yanaona giza. Wenzake wakamnunulia soda na ndizi kwenye kibanda, akapata nguvu, wakampakia bajaji. Jioni alikula machalari sahani mbili, kisha chapati, kisha karanga. Jumapili vilevile. Kwenye daftari aliandika neno moja kwa kurasa mbili: SIKUANDIKA. Wiki mbili hakutokea wala hakupokea simu.

Nilimfuata ofisini. Nikamwamkia, akaitika bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Nikamwambia, "Dada, lile halikuwa kosa lako. Nilikupa kanuni ya alfajiri ukaenda nayo mlimani. Nilipaswa kujua." Akazima mashine. Alikuwa ameamini kwamba amekosa nidhamu, wakati mwili wake ulikuwa umefanya kile ambacho mwili wowote wenye akili hufanya ukinyimwa: umedai chake, na riba.

Kanuni mpya tuliiandika siku hiyohiyo nyuma ya kadi ya vipimo vya mteja. Kila siku 1,500, yaani 400 chini ya 1,900. Matembezi ya kawaida hayaongezi kitu. Jumamosi ndefu: kilomita za kutembea mara kilo mara nusu, jumlisha kilomita za kukimbia mara kilo, gawa kwa mbili, kula jibu. Kwa zile kilomita 14 ni kama 435. Sehemu ya kwanza kabla hajafunga kamba za raba, uji wa ulezi wenye maziwa na ndizi mbivu mbili; iliyobaki ndani ya saa mbili baada ya kurudi. Na ndizi moja mfukoni, isiyohesabiwa, ambayo haina mjadala.

Aliniuliza kwa nini nusu na si zote, kama kweli ni zake. Ni swali zuri, na jibu lake lina asili hapahapa kaskazini. Wahadzabe wa pembeni ya Ziwa Eyasi, upande wa Karatu, wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vyao, walivyovipata kwa kuwanywesha watu maji yenye alama maalumu na kufuatilia mkojo wao, njia ya kuaminika kuliko zote za kujua mtu ametumia nguvu kiasi gani katika maisha yake ya kawaida. Wanaume walitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitegemea waonekane wanaunguza kalori nyingi kuliko makarani wa Marekani na Ulaya. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, hawakutofautiana. Mwili uliozoea kutembea sana hubana kwingine, kwa njia ambazo mwenyewe huzioni.

Yeye alikuwa na ushahidi wake mdogo. Jumamosi za mbio, mchana wote analala kwenye mkeka, watoto wanatumwa kila kitu, hata chumvi. Jumamosi za zamani angefua na kupiga deki. Sehemu ya zile 871 ilirudishwa na mkeka. Kwa hiyo nusu: inatosha kumlinda asianguke, na inaacha nafasi kwa makosa ya kilomita, ya mlima na ya mkeka.

"Basi kama kutembea hakupunguzi, natembea kwa nini?" Hilo nalo aliliuliza, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo. Nilimjibu kwamba kunapunguza, ila kidogo kuliko saa inavyosema, na kwamba kalori siyo sababu ya mimi kutaka atembee. Sukari ya damu hushuka misuli inapofanya kazi. Presha huwa tulivu. Usingizi huja. Na waliokwisha kupungua, wanaotembea ndio huelekea kubaki walipofika. Mgongo wa fundi cherehani nao una neno lake hapo, ambalo yeye analijua kuliko mimi.

Februari aliianza akiwa na 83.2, Machi akaianza na 81.9. Mbio zenyewe, Jumapili ya mwisho wa Februari, nilimkataza kuandika chochote. Alimaliza kilomita 21, sehemu kubwa ya mlima akiitembea. Jumanne mizani ilipanda kilo 1.4 akanipigia akiwa karibu kulia. Ni misuli iliyochoka inavuta maji, na wanga unaorudi kwenye ghala lake huja na maji yake, karibu gramu 3 kwa kila gramu 1. Ijumaa kilo hiyo haikuwepo.

Mwisho wa Machi alikuwa na 80.7. Tukarudia hesabu, kwa sababu mwili uliopungua unakula kidogo, na namba ya Novemba haiwezi kumtumikia mtu wa Machi. Wastani wa daftari 1,520, kilo 1.2 kwa siku 28 ni 330 kwa siku. Jumla 1,850. Ameshuka 50 kutoka Novemba.

Kisha masika yakaja. Njia ya Majengo alfajiri ni giza, tope na madimbwi, na mwanamke peke yake hana sababu ya kujilazimisha. Matembezi yakasimama. Hapa ndipo njia ya pili inapodai umakini: ile 1,850 ina matembezi ndani yake, na matembezi yakiondoka, namba inashuka bila kuaga. Kwa kilo zake za sasa, kilomita 5 ni kalori 200. Siku 5 zikigawanywa kwa 7 ni kama 143. Imebaki 1,700 hivi. Akila 1,500, pengo ni 200 tu, gramu 180 hadi 200 kwa wiki.

Alitaka kushuka hadi 1,350 ili asipoteze mwendo. Nilimsihi asifanye hivyo. Mtu aliyewahi kuzunguka uani saa 3 usiku kwa ajili ya kipande cha chapati hapaswi kubanwa kwa sababu ya hali ya hewa. Tukabaki kwenye 1,500, mwendo upungue, mvua ikatike. Wiki tatu, nusu kilo.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa. Mvua ilikuwa imepumzika alfajiri hiyo, akatoka. Pembeni, kwa kalamu ya bluu, ameandika: "km 5, na Mama wa jirani." Chini yake uji, maziwa, ndizi mbili.